Barua za maeneo ya mbali: ni nani anayelipa?

Sheria za Kenya zina kanuni moja ambayo wananchi wengi hawaifahamu hadi siku inapowagusa. Sura ya 2 ya sheria hizo, ambayo hueleza jinsi sheria nyingine zote zinavyopaswa kufasiriwa, husema kwamba pale ambapo sheria imeruhusu hati kupelekwa kwa njia ya posta, hati hiyo huhesabiwa kuwa imemfikia mhusika iwapo iliandikwa anwani yake ya mwisho inayojulikana, ikalipiwa na kutumwa kwa barua ya rejista. Muda unaohesabiwa ni ule ambao barua ingechukua katika mwendo wa kawaida wa posta. Anayedai kwamba haikumfikia ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Kwa mkazi wa Nakuru au Kisumu mwenye sanduku lake mwenyewe mjini, kanuni hiyo haina ugumu. Kwa mfugaji wa North Horr au Lokitaung, mambo ni tofauti. Huyu kwa kawaida hana sanduku. Anwani yake ni S.L.P. ya shule ya msingi, ya kanisa au ya ofisi ya chifu. Ilani ya benki inayotaka kunadi ploti, wito wa mahakama, barua kuhusu malipo ya uzeeni, zote husafirishwa hadi kwenye ofisi ya posta ya mji fulani, na hapo husubiri mtu atakayekuja mjini kwa shughuli zake. Mwalimu mkuu au padri hufungua sanduku, huchukua bunda zima na kwenda nalo. Shuleni majina husomwa paredi, na mtoto wa jirani hukabidhiwa bahasha aifikishe nyumbani. Hatua hiyo ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, hailipiwi na mtu yeyote.

Suala la nani anayepaswa kulipia safari ya barua kwenda mahali pasipo na faida ni kongwe kuliko Kenya yenyewe, na nchi mbalimbali zimelijibu kwa njia mbalimbali. Kenya iliwahi kuwa na jibu. Ililipoteza mwaka 1999, na haijapata jingine.

Ili kuelewa ukubwa wa tatizo, inafaa kuzingatia takwimu chache. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba Kaunti ya Marsabit ina watu 459,785 katika eneo la takriban kilomita mraba 70,000, yaani watu wasiozidi saba kwa kila kilomita mraba. Kiambu, kwa kulinganisha, ina zaidi ya watu 900 katika kilomita mraba moja. Gari la posta linaloingia Thika hugawanya gharama ya mafuta, dereva na matairi miongoni mwa maelfu ya barua. Lile linalokwenda Mandera, umbali wa takriban kilomita 1,000 kutoka Nairobi, huenda likabeba mifuko michache tu. Hata hivyo, stempu ni ile ile. Anayetuma barua ya kawaida kutoka Nairobi kwenda Thika na anayeituma kutoka Nairobi kwenda Mandera hulipa kiasi kimoja, mradi uzito uwe sawa.

Utaratibu huo wa bei moja ulianzia Uingereza mwaka 1840, kufuatia mapendekezo ya Rowland Hill, aliyetaka barua nyepesi ilipiwe peni moja na mtumaji, bila kujali umbali. Hoja yake ilikuwa kwamba gharama ya kuisafirisha barua moja baina ya miji ilikuwa ndogo mno, na kwamba fedha nyingi zilipotea katika kuhesabu na kukusanya ada. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Hill mwenyewe hakukusudia peni hiyo ifike kijijini. Katika kijitabu chake cha mwaka 1837 alitenganisha usafirishaji baina ya miji yenye posta na usambazaji kutoka miji hiyo kwenda mashambani, na huo wa pili alitaka ujilipie wenyewe. Pendekezo hilo liliwekwa kando kabla bei mpya haijaanza kutumika. Tangu hapo, kila nchi iliyoiga bei moja ilirithi pia deni lililofichika ndani yake: barua za mjini huzilipia za mashambani, na posta hupewa haki ya kipekee ya kubeba barua ili mtu mwingine asije akachukua zile za mjini zenye faida na kuacha za mashambani.

Huku Afrika Mashariki, ofisi za posta zilifuata meli, kisha reli. Wajerumani walikuwa na wakala wa posta Lamu kuanzia mwaka 1888 hadi 1891, na kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, Imperial British East Africa Company, ilianza huduma yake mwaka 1890. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, barua za bara zilibebwa na matarishi waliokwenda kwa miguu. Baadaye huduma za nchi tatu ziliunganishwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake lenyewe, Kenya Posts and Telecommunications, lililojulikana na wengi kwa kifupi KPTC.

Hapa ndipo palipokuwa na lile jibu. KPTC ilisimamia barua na simu pamoja. Simu, hasa za kimataifa na za makampuni ya mijini, zilileta fedha. Barua, hasa za mashambani, zilizila. Hakukuwa na kifungu chochote katika bajeti ya taifa kilichoitwa ruzuku ya barua za mashambani, na wala hakikuhitajika, kwa sababu ruzuku ilitolewa ndani ya shirika moja, kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mpango huo ulikuwa na dosari zake. Waliosubiri kuunganishiwa simu kwa miaka mingi walikuwa wakiulipia bila kuambiwa, na hakuna aliyejua kwa hakika ofisi ya posta ya Moyale ilikuwa ikigharimu kiasi gani. Lakini ofisi hiyo ilikuwa wazi.

Mnamo mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria mbili, ile ya Mawasiliano na ile ya Shirika la Posta, na Julai 1999 KPTC ikagawanywa. Simu zilikwenda kwa Telkom Kenya, usimamizi wa sekta ukakabidhiwa Tume ya Mawasiliano, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano, na barua zikabakia na Shirika la Posta. Mgawanyo huo ulifanywa kwa mujibu wa mawazo yaliyotawala wakati ule kuhusu mashirika ya umma, na kwa upande wa simu ulikuwa na mantiki. Shirika la Posta lilipewa leseni ya umma pamoja na wajibu wa kuhudumia nchi nzima. Fidia yake ilikuwa haki ya kipekee juu ya barua nyepesi na masanduku ya kukodi. Chombo kilichokuwa kikilipia wajibu huo kilikuwa kimeondoka na Telkom.

Kwa sadfa, wiki chache tu baadaye, wajumbe wa Muungano wa Posta Duniani walikutana Beijing katika kongamano lao kuu na kuandika katika mkataba wao kwamba kila nchi mwanachama ihakikishe wananchi wake wanapata huduma za msingi za posta, za kudumu na za bei nafuu, katika kila sehemu ya nchi. Kenya, iliyojiunga na muungano huo mwaka 1964, ilikuwa imekwisha kuukubali wajibu huo kwa maneno na kuuondolea fedha kwa vitendo.

Fidia ya haki ya kipekee ingekuwa na thamani iwapo barua zingebaki nyingi. Hazikubaki. Kampuni mbili za simu za mkononi zilianza kushindania wateja kwa kishindo kuanzia mwaka 2000. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na hawala za fedha za posta, zilizokuwa zikiingiza ada nzuri kutoka kwa wafanyakazi wa mijini waliotuma pesa nyumbani, zikapungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Vifurushi vya biashara vilichukuliwa na kampuni za usafirishaji wa haraka na mabasi ya abiria, ambayo huchagua barabara zenye wateja. Posta ikabaki na mtandao wa ofisi zipatazo 600, nyingi zikiwa mahali ambapo hakuna mfanyabiashara angefungua mlango. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali ameonya zaidi ya mara moja kwamba madeni ya muda mfupi ya shirika hilo yanazidi mali iliyonayo ya kuyalipa.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa usimamizi, na huenda baadhi yake ni ya haki. Lakini hata shirika linaloongozwa na malaika halingeweza kupeleka mfuko wa barua Mandera kwa bei ya Thika bila mtu fulani kulipa tofauti.

Nchi zilizofanikiwa kiasi katika jambo hili zilianza kwa kukiri kwamba tofauti hiyo ipo. Marekani ni mfano mzuri, kwa sababu imejaribu karibu kila njia. Mwaka 1845 Bunge lake liliagiza kwamba kandarasi za kubeba barua zipewe mwenye bei ya chini kabisa, mradi ahakikishe kasi, uhakika na usalama. Makarani, walipochoka kuyaandika maneno hayo matatu, waliweka nyota tatu daftarini, na njia hizo zikaitwa njia za nyota. Mwanakandarasi alikuwa huru kutumia farasi, mashua au nyumbu.

Kuwafikishia wakulima barua hadi nyumbani kulianza kwa majaribio Oktoba 1896 katika jimbo la West Virginia, na kukawa huduma ya kudumu mwaka 1902. Kabla ya hapo mkulima alilazimika kwenda mjini kuchukua barua zake, sawa na mkazi wa Lokitaung leo. Idara ya Posta iliweka sharti kwamba haitafungua njia mahali ambapo barabara haipitiki. Serikali za mitaa, zikisukumwa na wakulima waliotaka barua, zilijenga madaraja na makalvati. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1897 na 1908 zilitumia dola milioni 72 kwa kazi hiyo. Ni nadra kuona barua ikijenga barabara. Katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Kenya, barua imekuwa ikiingoja barabara.

Mwaka 1970 Marekani iliibadilisha idara hiyo kuwa shirika la kujitegemea. Tofauti na Kenya miaka 29 baadaye, wabunge wake waliweka kiasi katika sheria yenyewe: dola milioni 920 kila mwaka kwa ajili ya huduma ya umma, zipunguzwe kidogo kidogo kuanzia mwisho wa muongo huo. Shirika lilipokea fedha hizo kwa mara ya mwisho mwaka 1982. Sheria hiyo hiyo ilikataza ofisi ndogo ya posta kufungwa kwa sababu tu inaendeshwa kwa hasara, na katazo hilo halijafutwa. Ndiyo maana katika kijiji cha Supai, makao ya jamii ya Havasupai ndani ya bonde kuu la Arizona, barua na vyakula huteremshwa hadi leo kwa msafara wa nyumbu kwenye njia ya takriban kilomita 13. Huko Alaska, bidhaa za maduka zilizopangwa kwenye chaga za uzito wa kilo zisizopungua 450 hivi husafirishwa kwa ndege hadi vijiji visivyo na barabara kwa bei ya kifurushi cha posta. Bei hiyo haitoshi, na kwa kuwa Bunge halilipi tena, tofauti hufunikwa na wanunuzi wa stempu katika majimbo mengine. Malalamiko kuhusu hilo hayakomi jijini Washington.

Kanada ilichagua njia nyingine. Kwa miongo kadhaa hadi Machi 2011, serikali ililipa shirika la posta la nchi hiyo ili vyakula freshi visafirishwe kwa ndege kwenda jamii za kaskazini kwa ada ndogo. Mtu wa kawaida aliweza kuagiza mboga kutoka mji wa kusini na kuzipokea kama kifurushi. Aprili 2011 mpango huo ulibadilishwa, na ruzuku ikaanza kupewa wenye maduka na wauzaji badala ya mbebaji. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2014, Mkaguzi Mkuu wa Kanada aliripoti kwamba wizara iliyohusika haikuweza kuthibitisha iwapo wenye maduka walikuwa wakiwapunguzia wateja bei kwa kiasi chote walichopokea. Ruzuku inayopitia mikononi mwa mfanyabiashara ni vigumu kuifuata hadi mwisho wake. Ile inayolipwa kwa safari iliyofanywa hukaguliwa kwa urahisi zaidi: ndege ilitua au haikutua.

Australia imeshikilia utaratibu huo wa kulipia safari. Tangu mwaka 1983 serikali yake huzilipa kampuni za ndege ndogo zitue mara moja kwa wiki katika mashamba na makazi ya mbali, zikibeba barua, dawa, vyakula, vitabu vya shule na abiria kwa pamoja. India nayo haijawahi kuitenga posta yake na serikali. Ni idara ya serikali kuu, ina ofisi zaidi ya 160,000 ambazo takriban tisa kati ya kila kumi ziko mashambani, na hasara yake hujitokeza wazi katika bajeti, ambako wabunge huiona na kuijadili.

Hata Denmark, nchi iliyokwenda mbali kuliko nyingine katika kuachana na barua, haikuacha kila kitu. Iliufuta wajibu wa huduma kwa wote kuanzia mwaka 2024, na Desemba 30, 2025 shirika lake la posta lilifikisha barua zake za mwisho, baada ya miaka 400. Hata hivyo, serikali ilitoa zabuni na kulipia huduma kwa wakazi wa visiwa vidogo na kwa vipofu, na sheria bado inaitaka ihakikishe kwamba ipo njia ya kutuma barua. Nchi hiyo ni tambarare, mawasiliano ya intaneti yameenea kote, na barua za serikali hupelekwa kwenye sanduku la kidijitali la kila mtu mzima asiyeomba kuondolewa. Anayeitaja Denmark kama sababu ya kuifunga posta ya Kenya angefanya vyema kuanza na mambo hayo matatu.

Kenya ilikaribia kupata jibu jipya mwaka 2009, marekebisho ya Sheria ya Mawasiliano yalipounda Hazina ya Huduma kwa Wote. Kampuni zenye leseni hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, na fedha hizo hukusudiwa kufikisha mawasiliano mahali ambapo soko haliendi. Kwa maneno mengine, simu ilirudishiwa sehemu ya wajibu iliokuwa nao zama za KPTC. Lakini hazina hiyo imetumika hasa kujenga milingoti ya simu katika lokesheni ndogo zisizo na mtandao na kuunganisha intaneti katika karibu shule 900 za upili. Ni kazi yenye manufaa, na hakuna mzazi wa Turkana atakayeipinga. Barua, hata hivyo, haikupata mgao wake.

Msaada ambao Posta imepata umekuwa wa mzunguko. Kuanzia Novemba 2013, serikali ilifungua vituo vya Huduma, cha kwanza kikiwa katika jengo la Posta Kuu jijini Nairobi, na vingi vilivyofuata viliwekwa katika majengo ya posta kwenye makao makuu ya kaunti. Benki ya Posta, nayo, imekuwa ikitumia madirisha ya posta kuwahudumia wateja wake. Mipango hii hulipia jengo. Haimlipi dereva wa kutoka Lodwar kwenda Lokitaung. Aidha, tangu mwaka 2016 mtu anaweza kuigeuza namba yake ya simu kuwa anwani ya posta na kupata ujumbe mfupi barua yake inapowasili. Huo ni ufumbuzi mzuri wa kero ya sanduku la shule, kwa sababu bahasha haipotei tena katika bunda la watu wengine. Mwenye kupata ujumbe huo bado hulazimika kusafiri kwenda kuichukua, au kulipa zaidi ipelekwe aliko.

Njia ambayo ingeigharimu Kenya kidogo zaidi ni ile ya kandarasi. Mabasi, malori na magari ya abiria tayari hufika karibu kila kituo cha biashara kaskazini, na ndege ndogo hutua Lokichoggio, Mandera na Wajir. Serikali ingeweza kutangaza zabuni kwa kila njia, ilipie mfuko uliofika kwa siku iliyotajwa, na kiasi hicho kiandikwe waziwazi katika makadirio ya bajeti au kitengwe katika Hazina ya Huduma kwa Wote. Gharama ingejulikana kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na Bunge lingeamua kama inafaa. Kinachogharimu zaidi, ingawa hakionekani katika hesabu za shirika lolote, ni huu mpango wa sasa ambapo sheria huhesabu barua kuwa imefika na hakuna aliyelipwa kuifikisha.

Mahakama huweza kusikiliza ushahidi kwamba barua haikumfikia mhusika, lakini mara nyingi ushahidi huo huletwa wakati mali imekwisha kunadiwa au kesi imekwisha kuamuliwa upande mmoja. Kwa sababu hiyo, mwenye mkopo, hati ya shamba au malipo ya uzeeni ambaye bado anatumia sanduku la shule aliyosomea au la mwajiri wa zamani anashauriwa kwenda benki, katika ofisi ya ardhi na kwa mfuko wake wa uzeeni kubadilisha anwani kwa maandishi, na kudai nakala iliyopigwa muhuri. Kinachotazamwa ni anwani ya mwisho inayojulikana, na inayojulikana ni ile iliyomo ndani ya faili.